Siku Sitini Nilizokuwa Kipili

Ninaandika polepole. Nilimaliza darasa la saba, na baada ya hapo sikushika kalamu mpaka nilipolazwa. Nesi wa wodi yetu ndiye aliyeniomba niandike. Alisema wapo watu wanaokaa kwenye benchi la nje, wanasubiri majibu ya makohozi na hawana wa kumuuliza. Kama wewe ni mmoja wao, haya ni yako. Mimi nilikaa benchi hilo hilo, upande wa ukutani, pale ambapo rangi imetoka kwa kusuguliwa na migongo ya watu.

Kikohozi changu kilianza wakati wa kuvuna ulezi. Nilidhani ni vumbi la kupura. Kila jioni nilipata homa ndogo, na asubuhi shati lilikuwa limelowa jasho. Suruali ikaanza kunishuka, nikaifunga kwa kamba ya katani na kuteremsha shati juu yake ili mama asione. Mimi ni mtu wa aibu tangu utotoni. Hata nikichomwa na mwiba huwa nangoja watu wapite kwanza ndipo niinue mguu.

Kijiji chetu kiko upande wa Kaengesa, karibu na mahali ambapo uwanda unakatika na nchi inashuka ghafla hadi bonde la Rukwa. Mteremko huo tunauita Lyamba lya Mfipa. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu nilikuwa nateremka njia ya Ilemba na maharage na kupanda na mchele, mimi na rafiki yangu Deo. Tulipofika umri wa kutolala tena nyumba moja na wazazi, tulijenga kibanda kimoja nyuma ya nyumba ya mama, tukalala humo wote wawili, na wakati wa baridi tulijifunika blanketi moja.

Miaka hiyo biashara zilikuwa zimefunguliwa. Mtu aliuza sukari barazani kwake bila kuulizwa, mabasi ya watu binafsi yalifika Sumbawanga, na sokoni mitumba ilijaa hadi njiani. Ndipo akaja kaka mmoja kutoka Moshi, jina lake Prosper. Alikuwa ameongoza wageni Kilimanjaro kwa miaka mingi, na sasa alikuwa amefungua kampuni yake mwenyewe. Alileta Wazungu wanne, watu wazima waliokauka kama fito, waliozoea milima mirefu na kuchoshwa na njia zenye watu wengi. Walitaka siku saba za kutembea. Wangepanda mlima Mbizi, walale juu kwenye upepo, wafuate ukingo wa Lyamba hadi kwetu, washuke Ilemba, kisha wapande tena kwa njia ya mkato, ile kali kuliko zote. Wapagazi alikuja nao. Alitafuta mtu mmoja tu wa kuonyesha njia.

Tulikwenda wawili, Deo na mimi.

"Mambo," Prosper akasema.

"Poa," Deo akajibu. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Njia ya Ilemba mnaijua?"

"Hata ukinifunga macho, kaka. Na huyu ukimchukua huna haja ya kumfunga mdomo. Haongei."

Prosper akacheka. "Sawa. Ila msinitumie radi. Nimesikia habari za uchawi wa Sumbawanga."

"Radi tunawatumia wanaotembea polepole tu."

Nilijua Deo ameshaipata kazi. Hakuna anayeongea na Deo kwa dakika mbili akamwacha. Prosper akaeleza kazi yenyewe, kwamba mlimani mgeni anaweza kulia, anaweza kutapika, anaweza kugombana na mkewe, na mwongozaji hachukui habari hizo kwenda nazo kijijini. Halafu akamtazama Deo na kuuliza, "Una kifua?"

Kwetu mtu mwenye kifua ni mtu anayetunza siri. Deo akajipiga kifuani. "Ninacho, kaka. Kikubwa kabisa."

Uso wa Prosper ukabadilika. "Basi pole sana. Mtu wa kifua simpandishi. Nilishawahi kumteremsha mmoja akiwa amefunikwa shuka." Akanigeukia. "Na wewe?"

Nilifahamu vizuri anauliza nini, kwa sababu anachokiuliza kilikuwa kifuani mwangu. Deo alikuwa mzima kama ng'ombe dume na neno moja lingetosha kumrudisha. Badala yake nikasema, "Sina."

Tulipokuwa tunarudi nyumbani Deo alicheka njia nzima. "Mshikaji, nchi imebadilika. Siku hizi wanachukua wasioweza kutunza siri." Hakuwa na kinyongo. Akaniazima koti lake la mtumba, lenye manyoya shingoni, kwa ajili ya baridi ya Mbizi.

Siku nne za kwanza nilijikaza. Nilitangulia mbele, kwa hiyo kila nilipokohoa upepo uliwahi kuichukua sauti. Juu Mbizi usiku maji yaliganda kwenye sufuria. Kati ya wageni alikuwepo mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mtembeaji kuliko wote, naye alinitazama kila tuliposimama. Mara moja alinipa chai kwenye kikombe chake. Nilijifanya siitaki.

Siku ya kupanda kutoka Ilemba joto la bonde lilitufuata mgongoni. Njia ile inakunjwa na kukunjuliwa kama utumbo. Katikati kuna jiwe pana ambapo watu hutua mizigo. Nilifika hapo nikiwa mbele ya wenzangu, nikakaa, na pumzi haikurudi. Nilipokohoa, mkono wa koti la Deo ukawa mwekundu. Nilitazama juu, ukuta. Nilitazama chini, ukuta ule ule umegeuzwa. Sikuweza kwenda popote, na nyayo za wengine zilikuwa zinakaribia, na nilichofikiria tu ni mahali pa kuficha ule mkono.

Yule mama mwenye nywele nyeupe alifika wa kwanza. Aliweka sikio lake mgongoni mwangu, akakaa hivyo kwa muda mrefu, kisha akasema kitu kwa kilugha chao. Prosper akachuchumaa mbele yangu.

"Anauliza una kifua."

"Ninacho," nikasema.

Nilitegemea matusi. Alivua tu mzigo wangu begani, akasema, "Ungeniambia, dogo." Vijana wa Ilemba waliitwa kutoka chini, wakafunga machela kwa nguzo za hema, wakanipandisha. Njia niliyoijua kwa miguu nikaipita nikitazama mawingu. Juu gari lilikuwa linasubiri, likanileta Sumbawanga.

Yaliyofuata wewe wa kwenye benchi unayajua. Makohozi asubuhi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Unapewa kikopo na unatafuta kona. Unasikia jina lako linaitwa na unatamani liwe la mwingine. Siku ya majibu mama alikuwa amefika. Nesi akatuambia ni kifua kikuu, kinapona, lakini nitachomwa sindano kila siku kwa siku sitini nikiwa humo humo wodini, halafu vidonge vya miezi sita nikiwa nyumbani. Siku nitakayoruka itaongezwa mwishoni. Tulipotoka nje mama alinishika kiwiko.

"Nani anajua?"

"Prosper. Na ameshaondoka na wageni wake. Waliobeba machela wanajua niliteguka mguu tu."

"Basi sikiliza. Dada yako ameposwa. Wale watu wakisikia kifua kikuu watasema ni ule ugonjwa mwingine, na watarudi nyuma. Wewe uko Kipili, kule ziwani, kwa mjomba wako. Unasaidia kwenye mitumbwi. Umenielewa? Uwe na kifua, mwanangu."

Alilitumia neno lile lile. Nikaitikia.

Kwa hiyo nilikuwa Kipili. Wodi yetu ilikuwa ya mwisho karibu na uzio, vitanda kumi na viwili, madirisha yenye wavu. Kutoka kitandani niliiona Mbizi yote. Asubuhi ilikuwa ya buluu, mchana ya kahawia, na mwezi wa tisa ilipochomwa moto nyasi zake ikawa nyeusi. Nilikuwa nimelala juu yake wiki chache nyuma, na sasa kwenda chooni nilipumzika mara mbili.

Kitanda cha jirani alilala mzee Masanja, Msukuma aliyehamia bondeni na ng'ombe zake. Alikuwa na sindano kumi na saba mbele yangu. Siku ya kwanza nilipomeza dawa nikaenda kukojoa, nikarudi kabla sijamaliza.

"Shikamoo mzee," nikasema, maana sikujua nianzie wapi.

"Marahaba. Umeona nyekundu?"

"Nimeona."

"Mimi nilimwita mwanangu wa kwanza, nikamgawia ng'ombe palepale. Kesho yake nesi ananiambia ni rangi ya dawa." Akacheka hadi akakohoa. "Ng'ombe hajarudi mpaka leo."

Ni yeye aliyenifundisha kulala upande ambao haukuchomwa. Ni yeye aliyeniambia masikio yatalia kama jiko la mchina la mafuta ya taa na nisiogope, bali nimwambie nesi. Nilipungukiwa na hamu ya kula mpaka sindano ya kumi na tano, halafu njaa ikaja kwa pamoja, nikala ugali wangu na mabaki yake. Kila Jumatatu tulipimwa uzito. Siku mizani iliposogea mara ya kwanza nesi alichora mshale mdogo wa kupanda kwenye kadi yangu. Mambo kama hayo ukiyaona usiyadharau. Niliitazama kadi ile kwa siku nzima.

Lakini wodi ni nyembamba. Unazijua nyufa zote za dari. Unajua nani ataamka kukohoa na saa ngapi. Wenzangu walitembelewa siku ya Jumapili, wakaongea na ndugu zao juani kwenye nyasi. Mimi nilibaki ndani kila Jumapili, asije akapita mtu wa Kaengesa na kunikuta niko Kipili.

Mama alikuja kila baada ya siku saba. Alipita kwanza sokoni mjini, akanunua migebuka waliokaushwa, akawafunga kwenye gazeti na kurudi nao kijijini. Hao ndio samaki niliokuwa nawatuma kutoka ziwani. Aliwagawia majirani, akawagawia wakwe watarajiwa, akampelekea na Deo. Aliniambia jambo hili huku akitabasamu, na nikaona kwamba uwongo ule ulikuwa umempa kazi ya kufanya, kama mtu mwenye mgonjwa anavyopenda kufua.

Siku ya sindano ya ishirini na sita alisema, "Deo anakushukuru kwa samaki. Anasema wa Kipili wana ladha. Ila anakohoa huyo, jamani. Nadhani ni moshi wa tanuri la matofali."

"Tangu lini?"

"Sijui. Amepungua kidogo."

"Analala wapi?"

"Si kwenye kibanda chenu hicho hicho? Atalala wapi tena?"

Nilikaa kitandani. Nikamwambia, "Mama, mwambie aje hapa apimwe."

"Nimwambie umemwambukiza nini? Samaki?"

"Mama."

"Mwezi mmoja tu," akasema taratibu. "Mahari ikishapokelewa mwambie unachotaka. Mwezi mmoja moshi haumuui mtu."

Alipoondoka nilifika hadi getini. Mlinzi hakunizuia. Kilichonizuia ni hesabu. Kwenda na kurudi kwetu kwa hali yangu kungenila siku tatu au nne, sindano tatu au nne, na nesi alikuwa ameshanionyesha mtu aliyekuwa akiruka sindano hivyo, mgongo wake umebaki mifupa. Na zaidi ya hayo, ningemwambia Deo nini usoni? Nilirudi kitandani. Siku zile kumi zilizofuata ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote, mbaya kuliko jiwe. Kwenye jiwe niliishiwa pumzi tu. Humu nilikuwa na pumzi inayorudi kila siku, na mtu niliyemnyang'anya kazi alikuwa anaishiwa na yake chini ya blanketi langu.

Mzee Masanja aliniona sili. "Umekuwaje, mwanangu?"

Nikamweleza kila kitu, hata habari ya "Sina". Hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mama yako anajua kusoma?"

"Hajui."

Akageukia ukutani akalala, kana kwamba hakuuliza kitu.

Mama aliporudi yeye mwenyewe ndiye aliyeleta habari ya barua. Watu walikuwa wameanza kuuliza mbona siandiki. Alinunua karatasi mbili na bahasha. "Mwandikie Deo. Useme uko salama, ziwa lina upepo, utarudi mvua zikianza. Atawasomea wenzake."

Nikamwambia aniachie karatasi, aichukue wiki ijayo, kwa kuwa naandika polepole. Huo ulikuwa ukweli. Niliandika kwa siku sita. Karatasi ya kwanza niliiharibu. Ya pili ilikuwa hivi:

*Deo. Sipo Kipili. Nipo hospitali Sumbawanga, wodi ya mwisho. Nina kifua kikuu. Nilikuwa nacho toka ulezi. Prosper aliuliza kama una ugonjwa wa kifua, hakuuliza siri. Mimi nilielewa nikanyamaza. Kikohozi chako si cha moshi. Njoo upimwe usingoje. Samaki ni wa sokoni. Usiwasomee watu. Koti lako nimelifua ila doa halijatoka.*

Mama alipokuja niliifunga bahasha mbele yake. "Umesema ziwa lina upepo?" akauliza.

"Nimesema kila kitu."

Akaiweka kwenye fundo la khanga yake, pamoja na samaki, akaenda nayo. Nilimtazama kwenye wavu mpaka akapita geti. Sikuwa nimewahi kumdanganya mama kabla ya hapo, na njia niliyotumia ni ya kumwambia ukweli mtu mwingine.

Nilihesabu. Sindano ya arobaini na moja. Arobaini na mbili. Mzee Masanja alimaliza zake, akaondoka, akaniachia kikombe chake cha bati. Arobaini na nne. Nikaanza kuamini kwamba Deo ameichana.

Asubuhi ya arobaini na tano nilikuwa nimekaa juani nyuma ya wodi. Mtu akakohoa upande wa pili wa uzio. Nilikijua kikohozi kile kwa sababu kilikuwa changu.

"Hodi Kipili," Deo akasema. "Ziwa liko wapi?"

Alikuwa amekonda, shingo imetoka kwenye kola. Nilisimama, nikausogelea uzio. Akashika wavu kwa vidole.

"Niliisoma mara tatu. Ya kwanza nilicheka, nikadhani ni masihara. Ya pili nilitaka kuja kukupiga."

"Na ya tatu?"

"Ya tatu nilikohoa katikati, nikashindwa kuimaliza." Akatazama chini. "Ungesema tu, mshikaji. Ningekupa ile kazi ukapanda na mimi nikabeba. Mbona ni jambo dogo?"

"Niliona aibu."

"Najua uliona aibu. Wewe unaona aibu hata kupiga chafya kanisani." Hakucheka aliposema hivyo. "Kwa hiyo nafanyaje? Naanzia wapi?"

Nikamwonyesha benchi. Nikamwambia akae upande wa ukutani, kuna upepo mdogo. Asubuhi tatu nilimtazama kwenye wavu akiwa na kikopo chake. Siku ya nne nesi alikuja na shuka safi, akatandika kitanda alichokiacha mzee Masanja. Sikuuliza ni cha nani.

Mama alitukuta hivyo, mimi na Deo kitanda kwa kitanda. Alisimama mlangoni na bakuli la chakula, na migebuka yake kwenye gazeti, wale wa kurudi nao kijijini. Alimtazama Deo, akanitazama mimi, na nikaona anaihesabu ile barua upya moyoni, neno kwa neno asilojua kulisoma.

"Shikamoo mama," Deo akasema.

Aliitikia. Kisha akakaa kati ya vitanda, akafungua gazeti, akawagawa samaki wale mafungu mawili na kutuwekea kwenye ugali. Tulikula wote. Alipoondoka hakuniaga, lakini wiki iliyofuata alileta bakuli mbili.

Sitaandika kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Habari ilifika kwa wale wakwe, nao wakarudi nyuma kama mama alivyosema. Dada hakuongea na mimi mpaka mvua zilipoanza. Nilipotoka na vidonge vyangu vya miezi sita nilimsaidia kufukia nyasi kwenye matuta, na siku moja alinipa jembe lake jepesi akachukua langu zito. Nililichukua hilo kuwa salamu. Yeye, mama, na mimi tulilala madirisha wazi msimu wote, na wote wawili walipimwa wakakutwa salama. Deo alimaliza sindano zake, akamaliza vidonge mwezi mmoja na nusu baada yangu.

Kiangazi kilichofuata Prosper alirudi na kundi lingine. Vijana walijipanga barazani, na sisi tulikuwa mwisho wa mstari. Alipotufikia aliacha kutabasamu.

"Dogo," akasema. Kisha, polepole, kama mtu anayepima daraja kabla ya kukanyaga, "Una kifua?"

"Nilikuwa nacho. Huyu pia. Tumemaliza dozi." Nikampa kadi zetu. Alizisoma mbele na nyuma, hata ile mishale ya nesi, akatukabidhi mizigo miwili midogo.

Tulipanda kutoka Ilemba siku ya sita. Nilikwenda polepole, nikisikiliza ndani. Pumzi ilikuwa fupi kuliko zamani, na nadhani itabaki hivyo, lakini ilikuwepo. Tulipofika kwenye lile jiwe pana Deo akasimama.

"Ni hapa?"

"Ni hapa."

Akatua mzigo, akakaa, akanipisha nafasi. Wageni walitupita na fimbo zao. Akatoa gazeti mfukoni mwa lile koti lenye manyoya, akalifungua magotini. Walikuwa migebuka wawili.

"Kula," akasema. "Hawa nimewaagiza. Wametoka Kipili kweli."